Mkono Uliosita Juu ya Bakuli

"Mimi mchuzi wangu niwekeeni peke yake," dada Bernadeta alimwambia mwenye hoteli. "Kwenye bakuli lingine. Na sahani nyingine, tafadhali."

Hakupandisha sauti. Wala hakumtazama Klaudia, aliyekuwa amekaa mbele yake na kipande cha chapati mkononi, kimelowa mchuzi, hakijafika mdomoni.

Watu wa meza ya jirani waligeuka kututazama.

Naitwa Pastory. Mwaka huo, 1991, nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa mizani katika chama cha ushirika kule Kamachumu. Siku hiyo ya Jumamosi nilikuwa nimemleta Klaudia mjini Bukoba aonane na dada yangu, ndugu pekee niliyebakiwa naye. Nilitaka dada ampende. Nilitaka tule vizuri, tucheke, kisha niseme mbele yao wote wawili kwamba huyu ndiye nitakayemwoa.

Ndiyo maana nilichagua hoteli ile ya mchuzi wa Kihindi, karibu na soko. Mji mzima ulikuwa unaisifu. Mhindi aliyeianzisha alishaondoka miaka mingi, lakini mpishi aliyefundishwa naye alibaki, na watu walisema ukila kuku wake wa bizari harufu hubaki vidoleni mpaka kesho yake, nawe hutaki kunawa.

Siku ile mpishi hakuwepo.

"Amekwenda kumzika mdogo wake," Muharami, mwenye hoteli, alituambia tulipofika. "Wa tatu tangu Krismasi. Nimepika mwenyewe. Mtanivumilia, jamani."

Kuvumilia kulikuwa kazi. Mchuzi ulikuja kwenye bakuli kubwa la meza nzima, mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo, bizari haikuiva, inakwaruza koo. Wali una mawe. Chapati za jana. Nilivuta paja la kuku, likanivuta na mimi.

"Huyu jogoo alikwenda vitani na kurudi," Klaudia alininong'oneza.

Nilicheka. Hata dada alitabasamu kidogo. Kwa dakika moja nikadhani chakula kibaya kitatusaidia, maana watu wakilalamika pamoja huzoeana haraka. Kisha Klaudia akakata chapati, akachovya kwenye bakuli, na dada akaomba bakuli lake.

Sababu kila mtu mkoani kwetu angeielewa bila kuambiwa. Klaudia alikuwa mjane. Mume wake, Apolinary, alikuwa mchuuzi wa samaki visiwani. Alirudi nyumbani Nshamba amekonda, akaugua mwaka mzima, akafa. Miaka ile mtu akikonda akafa, watu hawakuuliza daktari amesema nini. Walisema "Juliana", jina tulilouita Ukimwi, wakashusha sauti, wakaanza kumhesabia mke miezi yake.

Mimi hayo yote niliyajua. Nilijua na nilimpenda. Nilikuwa nimemwapia zaidi ya mara moja kwamba maneno ya watu kwangu ni upepo.

Lakini dada aliposema "bakuli lingine", mkono wangu ulikuwa juu ya lile bakuli, na chapati mkononi. Ukasimama.

Sikuuamuru usimame. Ulisimama wenyewe, hapo hewani, labda kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Klaudia hakumtazama dada. Aliutazama mkono wangu.

Nikachovya. Nikala tonge kubwa, nikatafuna kwa nguvu, mchuzi ukanidondokea kifuani. Nilikuwa nimechelewa.

Klaudia alirudisha kipande chake kwenye sahani. Akafuta vidole kimoja kimoja kwa leso yake.

"Nashukuru kwa chakula, dada," alisema. "Nimeshiba."

Akasimama, akatoka.

* * *

Nilimkuta karibu na stendi, anatembea haraka, viatu vyake vya misa amevivua na kuvishika mkononi.

"Klaudia! Ngoja basi. Dada yangu amekosa, mimi nitamwambia."

"Dada yako simlaumu."

"Amekudhalilisha mbele za watu!"

"Pastory, nimeshonea watu nguo miaka sita pale Nshamba. Mume wangu alipokufa, wateja wote wakakimbia. Unajua kwa nini? Kwa sababu fundi hushika pini kwa midomo. Hawakutaka gauni lililopita kwenye pini zangu. Nikabaki kushona viraka vya magunia ya kahawa, ndipo wewe ukanikuta. Watu kama dada yako nimewazoea. Dada yako hakuwahi kuniambia ananipenda."

"Nilichovya, Klaudia. Uliona nilikula."

"Niliona vyote viwili."

"Ni kitu kidogo kile! Ni mkono tu!"

"Ni mkono tu, ndiyo." Alivaa viatu vyake, mmoja baada ya mwingine, ameshika ukuta. "Ungenioa, ungekuwa unasimama hivyohivyo kila siku. Ukitaka kunywa kwenye kikombe changu, unasimama. Mtoto wangu akikohoa, unasimama. Mimi ningekuwa naona kila mara, nawe ungekuwa unajidai hukusimama. Hapana, waitu. Bora nibaki na magunia."

Akaondoka. Sikumfuata.

* * *

Nyumbani kwa dada, Ijuganyondo, nilifika nimefura.

"Umefurahi?" nilimuuliza. "Ameondoka. Umefurahi sasa?"

Dada alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Keti, Pasto."

"Siketi! Wewe mtu wa kanisa, unafunga skafu ya akina mama wa WAWATA, halafu unamtenga mtu mezani kama mbwa?"

"Ndugu yetu Elieza nilimwosha kwa mikono hii," alisema. "Immakulata nilimwosha kwa mikono hii. Mdogo wetu wa kike, miaka ishirini na miwili, alikuwa mwepesi nikambeba kama kikapu. Mwaka mmoja, Pasto. Nimezika wawili. Vita vilipokuja tukakimbia kutoka Kyaka, mama aliniambia niwashike mikono, nisimwachie hata mmoja. Nimebaki na mmoja. Halafu huyo mmoja ananiletea mjane wa mchuuzi wa visiwani na kuniambia tule naye."

"Ugonjwa hauambukizwi kwa mchuzi, dada. Umesikia redioni."

"Nimesikia. Kichwa kimesikia." Kisu kilisimama. "Na wewe ulisikia. Mbona mkono wako ulisimama?"

Nilikaa chini. Dada naye aliona! Nilidhani ni Klaudia peke yake.

Tulikaa vile mpaka ndizi zikaisha.

* * *

Niliandika barua tatu. Mbili nilichana. Ya tatu nilimpa dereva wa lori la chama aipeleke Nshamba. Nilimwandikia Klaudia:

"Sina la kujitetea. Niruhusu nije nikuombe msamaha mbele ya mtu yeyote utakayemtaka."

Majibu yalikuja baada ya siku nne, kwenye karatasi iliyokatwa kutoka daftari la mtoto:

"Usije Nshamba. Watu wameanza kusahau kunitazama, usiwakumbushe. Nakutakia heri. K."

Basi nikabaki na mizani yangu. Nilipima kahawa, nikaandika kilo, nikarudi chumbani kwangu, nikalala nikitazama dari. Na usingizi ulipogoma, yakanijia mambo niliyokuwa nimeyafukia.

Kulikuwa na msichana mmoja, Limi. Alikuja kutoka Usukuma na wachuuzi wa samaki, akafungua kibanda cha chai Muleba mjini. Mwaka 1989 tulikuwa pamoja kwa miezi mitano. Hatukugombana, mapenzi yalipoa tu, akahamia Mwanza. Mwaka uliofuata nilisikia amekufa. Nilisema "maskini Limi", nikaendelea na kazi. Kwa nini amekufa, sikuuliza. Sikutaka kuuliza.

Na hakuna mtu aliyeniuliza mimi. Dada hakuniuliza. Paroko hakuniuliza. Akina mama wa Nshamba hawakuogopa kalamu yangu ninayoitafuna siku nzima. Hakuna hoteli ambako mtu aliomba bakuli lake kwa sababu nimekaa mezani. Klaudia alikaa nyumbani na mume mmoja wa ndoa, akamuuguza, na ndiye aliyebeba aibu yote. Mimi nilikuwa natembea na shati safi.

Wiki ya pili ya Mei niliomba ruhusa kazini, nikaenda Bukoba kupima damu.

* * *

Chumba cha ushauri kilikuwa nyuma ya hospitali, kidogo, kina viti viwili na dirisha moja. Mshauri alikuwa mama wa makamo, Petronila, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Umekuja kwa ajili ya nani?" aliniuliza.

"Kwa ajili yangu."

"Wengi wananiambia hivyo. Halafu nagundua kuna mchumba anangoja nje na padri."

"Mimi hakuna anayeningoja, mama. Aliyekuwepo ameniacha."

Alinitazama juu ya miwani.

"Majibu ni wiki tatu. Ukiona huwezi kungoja, njoo tuongee. Watu wanadhani kazi yangu ni kusoma karatasi. Kazi yangu kubwa ni hizo wiki tatu."

Sikuelewa, mpaka nilipozianza. Nikikohoa, nilijua. Nikitokwa jasho, nilijua. Nilijipima kwenye mizani ya kahawa asubuhi na jioni, kama gunia. Siku ya sita nilipungua kilo moja, nikakaa chini nyuma ya ghala nikalia. Kumbe nilikuwa sijala tangu jana yake.

Na siku hiyohiyo ndipo nilipomwelewa Klaudia. Mimi nilikuwa na siku sita. Yeye alikuwa na miaka miwili.

Nilipanda baiskeli, nikaenda Nshamba bila ruhusa yake.

* * *

Alikuwa barazani, kwenye cherehani yake, mbele ya duka alikopanga chumba cha nyuma. Ndugu wa mume walishachukua kibanja cha migomba, wakamwachia mtoto na cherehani. Mtoto, Alistidia, binti wa miaka mitano, alikuwa anapanga vifungo kwenye mkeka.

"Nilikuandikia usije," Klaudia alisema. Mguu haukuacha kukanyaga.

"Nimesoma."

"Basi?"

"Nimepima damu. Majibu bado wiki mbili na siku moja."

Mguu ukasimama. Akamwambia Alistidia aende ndani akanywe maji. Akanitazama.

"Umepima nini wewe? Wewe una nini?"

Nikamweleza habari za Limi. Zote, miezi mitano yote, na jinsi nilivyosema "maskini" nikaenda zangu. Nilikuwa nimesimama juani kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakunikaribisha kukaa, nami sikukaa.

"Kwa nini unaniambia kabla ya majibu?" aliuliza. "Si ungengoja uyajue?"

"Nikingoja, yakiwa mazuri nitakuwa nimekuja kujisifu. Yakiwa mabaya sitakuja kabisa. Najijua sasa. Mkono wangu unasimama."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hoteli, mdomo wake ulilegea upande mmoja.

"Unaogopa?"

"Nimejipima kwenye mizani ya kahawa."

"Ya kahawa!" Alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. "Pastory! Na ukajikuta daraja la ngapi?"

"Buni mbichi. Haijakauka."

Tulicheka wote wawili, kisha akaacha ghafla na kufuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Mimi sijapima," alisema. "Watu wanadhani ninajua. Sijui. Apolinary alirudi kutoka visiwani tayari anaumwa. Alikuwa kule mwaka na zaidi bila kuja. Aliporudi alilala kitandani na mimi nikalala kwenye mkeka na mtoto, kwa sababu alikuwa anateseka, hata kuguswa hakutaka. Usiku mwingine najiambia nimepona. Usiku mwingine najiambia, vipi kabla ya hapo? Nani anajua alianza lini? Halafu namtazama huyu mtoto alivyolala."

"Twende ukapime."

"Usiniambie 'twende'!" Alisema kwa ukali, nikarudi nyuma hatua moja. "Kila mtu ana la kuniambia. Shemeji zangu walisema nikapime ili wajue kama wanifukuze. Katekista alisema nikapime ndipo nisimamie ubatizo. Nilikataa wote. Damu yangu si ya kuwatuliza watu."

"Samahani."

Alinyoosha gunia kwenye cherehani, akalikunja, akalikunjua tena.

"Nitakwenda," alisema mwishowe. "Kwa ajili ya Alistidia. Nijue kama nimtafutie mtu wa kumlea au nimtafutie shule. Si kwa ajili yako, na usiniulize majibu."

"Sitakuuliza."

"Na wewe majibu yako usiyafuate peke yako. Mtu asisomewe kitu kile peke yake. Ngoja yangu yatoke, twende siku moja."

Hivyo wiki zangu tatu zikawa tano. Petronila alinitumia ujumbe kwamba yangu yapo tayari. Nikamjibu kwamba nangoja mtu.

* * *

Simu ya chama chetu ilikuwa ile ya kukoroga, iko ofisini kwa katibu, na ikilia watu wote ghalani husikia. Siku mbili kabla ya safari, nikaitwa.

"Pasto?" Sauti ya dada ilikuwa inatoka mbali, inakatika. "Kuna mtu amekuona hospitali. Mwezi uliopita. Pale nyuma."

"Ni kweli."

"Unaumwa?"

"Sijui, dada. Alhamisi nitajua."

Nilisikia waya unavuma.

"Ni huyo mwanamke?"

"Hapana. Klaudia hajanigusa. Kama ninao, niliupata kabla yake, kwa mtu mwingine. Ni mimi ndiye ninayeweza kuwa hatari kwake. Ulikosea sahani, dada. Ungeomba utengwe na mimi."

Nikasikia analia, halafu simu ikakatika.

* * *

Alhamisi tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha Petronila, mimi na Klaudia, kati yetu pengo la kukaa mtu mmoja. Kulikuwa na watu wengine sita. Mwanamume mmoja wa umri wangu aliingia, akatoka baada ya muda, akatupita bila kuona mtu. Kofia yake ilibaki kwenye benchi. Klaudia alimkimbilia, akampa.

Klaudia aliporudi, alimkuta dada Bernadeta amesimama kwenye kona ya jengo, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Nilisimama. Nilikuwa tayari kugombana.

"Sikuja kwako," dada aliniambia. Akamgeukia Klaudia. "Mama Alistidia. Mimi kuomba radhi sijui vizuri. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa naombwa."

Klaudia alikuwa bado amesimama.

"Siku ile niliogopa," dada aliendelea. "Si wewe. Niliogopa kuchimba kaburi lingine. Lakini wewe ndiye niliyekupiga nalo. Nimelala vibaya tangu siku ile. Nisamehe, kama unaweza. Kama huwezi, nitakaa tu hapa, sitaongea."

Nilimwona Klaudia anafikiri. Hakuwa mtu wa kusamehe ili apendeze. Aliangalia viatu vya dada, vilivyojaa vumbi. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Ijuganyondo.

"Keti, dada," alisema. "Benchi ni refu."

Dada akakaa kwenye lile pengo, katikati yetu. Baada ya muda nikaona mkono wake umeshikwa. Sikujua nani aliyeanza kumshika mwenzake.

"Pastory," Petronila aliita mlangoni.

Niliingia. Nakumbuka uzi kwenye miwani yake, ulikuwa mwekundu. Alisoma namba, akaniuliza kama ni yangu, nikasema ndiyo.

"Huna," alisema. "Damu yako haina. Sasa sikiliza ninayokuambia baada ya hapo, maana wengi hawasikilizi."

Nilisikiliza, nadhani. Nikatoka. Klaudia alinitazama, nikatikisa kichwa kumaanisha sina, yeye akaelewa vibaya, uso ukamwisha damu.

"Hapana, hapana! Sina! Nimesema sina!"

"Wewe mtu!" Alinipiga begani kwa nguvu. "Utaniua kabla sijasomewa!"

Kisha akaitwa yeye.

Alikaa ndani muda mrefu. Mrefu kuliko mimi, mrefu kuliko yule wa kofia. Dada alitoa rozari, akairudisha, akaitoa tena. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali: nilikuwa nimeshaamua kwamba hata akitoka na habari ile, nitamwomba tena, nitamlea Alistidia, nitajifunza kuuguza. Niliuangalia mkono wangu juu ya goti. Safari hii ulikuwa umeshaamua.

Mlango ukafunguka. Uso wa Klaudia haukusomeka. Alikuja polepole, akasimama mbele yetu.

"Nilimwambia asome mara ya pili," alisema. "Halafu nikamwambia asome ya tatu. Akaniambia, mama, hata nikisoma mpaka jioni haitabadilika."

Sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa nimeahidi.

"Sina," alisema.

Dada Bernadeta alipiga yowe lililowatoa wauguzi madirishani. "Omukama! Ee Bwana!" Akamkumbatia Klaudia, wakaketi chini kwenye nyasi wote wawili kama watoto, skafu ya dada imedondoka. Klaudia alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, kicheko cha tumboni ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Petronila alitoka mlangoni na kuwaomba kwa upole wasogee kidogo, kwa kuwa kuna wengine wanaongoja. Klaudia akanyamaza mara moja, akafuta uso, akawaomba radhi wale wa kwenye benchi. Bibi mmoja alimpungia mkono, kama anayesema furahi tu, mwanangu.

* * *

Lori la chama lilikuwa linatungoja karibu na maghala, linarudi Kamachumu bila mzigo. Dada alitusindikiza. Kabla hatujapanda, Klaudia alinivuta pembeni.

"Hujaniuliza kitu," alisema.

"Uliniambia nisiulize majibu."

"Majibu nimeshakupa. Kuna swali jingine. Lile ulilotaka kuniuliza kule hotelini."

Nilisogea hatua moja mbele.

"Klaudia, utaniruhusu nije kwa baba yako?"

"Kahawa zikiisha. Oktoba. Uje na watu wako, na dada yako awe mbele yao, ndiye asemee." Alinikazia macho. "Bado nina hasira na wewe, Pastory. Usidhani imekwisha kwa sababu ya karatasi. Itaniisha polepole."

"Nitaingoja."

"Na Alistidia utamwomba mwenyewe. Yeye ni mgumu kuliko baba."

Nilimwomba Alistidia baada ya wiki moja, akanipa sharti la kumtengenezea baiskeli ya mti. Oktoba dada alisema kwa niaba yangu mbele ya baba yake Klaudia, akasema vizuri mpaka wazee wakamwongezea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tulifunga ndoa Kamachumu wiki moja kabla ya Majilio, na gauni alilishona mwenyewe.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko hata ya ndoa ni ile Alhamisi. Tulipanda mbele na dereva, mzee Rutashobya. Klaudia alikaa katikati. Hatujavuka hata mji, akaegemea bega langu, akasinzia. Lori lilipiga makorongo, likapiga honi kwa ng'ombe, likasimama mara mbili injini ipoe, abiria wa njiani wakapanda nyuma kwa kelele na kuku zao. Hakuamka. Alilala mdomo wazi, mikono imelegea mapajani, kama mtu aliyeweka chini mzigo aliotoka nao mbali sana. Bega lilikufa ganzi. Sikulisogeza.

Tulipokaribia Kamachumu, mzee Rutashobya alimtupia jicho, akapunguza mwendo.

"Huyu mama anaumwa?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Haumwi, Ta Rutashobya," nilisema. "Ni mzima kabisa. Amelala tu."